Tunguu ina vyuo vikuu viwili: kipi cha binafsi, na mambo ya kujua kabla hujaomba

Gari ya 309 ikitoka Jambiani kwenda mjini hupita Paje, Kitogani na msitu wa Jozani, halafu inaingia Tunguu. Ukimwambia kondakta akushushe chuoni, atakuuliza chuo kipi. Ana haki ya kuuliza. Tunguu ina vyuo vikuu viwili, na majina yao yanakaribiana sana. Kimoja ni Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambacho wengi wetu tunakiita SUZA. Hicho ni cha Serikali. Kingine ni Chuo Kikuu cha Zanzibar, ambacho kwa Kiingereza huitwa Zanzibar University na kwa ufupi ZU. Hicho ni cha binafsi.

Kila yanapotoka matokeo ya Kidato cha Sita, wasikilizaji wetu wa mikoani hutuuliza juu ya vyuo hivi. Wengine huuliza wakiwa tayari wameshaomba chuo kimoja wakidhani ni kingine. Kosa hilo si dogo, kwa sababu ada, kozi na utaratibu wa malipo havilingani. Leo tunaeleza zaidi habari za chuo binafsi: kilianzaje, shahada yake ina uzito gani, nani anaweza kuingia, na mzazi wa Jambiani au Makunduchi ajiandae na gharama zipi. Vyuo vingine vya binafsi vinavyotajwa sana tutavigusia pia.

Vyuo binafsi ndivyo vilivyotangulia

Watu wengi hudhani kwamba Serikali ilijenga chuo kikuu kwanza, kisha watu binafsi wakafuata. Hapa Zanzibar ilikuwa kinyume. Kabla ya mwaka 1998 visiwa hivi vilikuwa na vyuo vya ualimu, ufundi na lugha, lakini havikuwa na chuo kikuu. Kijana wa Unguja au Pemba aliyetaka shahada alivuka bahari kwenda Dar es Salaam, au akapata nafasi ya kwenda Khartoum, Cairo na kwingineko. Asiyekuwa na nauli wala mdhamini aliishia hapo alipofika.

Mwaka 1998 vilianza vyuo viwili, vyote vya binafsi. Chuo Kikuu cha Zanzibar kilianzishwa Tunguu na jumuiya ya hisani ya Darul Iman. Kule Chukwani, upande wa kusini ya mji, Africa Muslim Agency, taasisi ya misaada kutoka Kuwait, ilianzisha chuo cha elimu kwa ajili ya kutoa walimu, kikiwa chini ya Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika kilichopo Khartoum, Sudan. Chuo hicho cha Chukwani baadaye kilipewa jina la Abdulrahman Al-Sumait, daktari wa Kuwait aliyeongoza kazi za taasisi hiyo barani Afrika na kufariki mwaka 2013. Ndicho kinachoitwa SUMAIT leo. Sheria ya kuanzisha SUZA ilipitishwa mwaka 1999, na chuo kikaanza kazi mwaka 2001.

Tunaikumbusha historia hii kwa sababu bado wapo wazee wanaoamini kwamba chuo binafsi ni mahali pa walioshindwa kwingine. Kwa miaka ile ya mwanzo, kijana aliyetaka kusoma shahada bila kuondoka Unguja hakuwa na mlango mwingine zaidi ya huo.

Shahada ya chuo binafsi ina uzito gani?

Elimu ya juu ni jambo la Muungano. Vyuo vikuu vyote, vya Bara na vya Visiwani, vya umma na vya binafsi, vinasimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, iliyoundwa mwaka 2005. Chuo chenye ithibati ya TCU hutoa shahada inayotambuliwa nchi nzima. Mwajiri wa Serikali hawezi kukwambia kwamba shahada yako haihesabiki kwa sababu chuo chako ni cha binafsi.

Lakini ithibati ya chuo haitoshi. Kila kozi nayo huchunguzwa peke yake. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na katika vyuo vingine ikazuia baadhi ya kozi tu huku chuo chenyewe kikiendelea. Kwa hiyo chuo kinaweza kuwa kizuri na kozi unayoitaka ikawa haijaruhusiwa mwaka huo. Kila mwaka TCU hutoa kitabu cha mwongozo wa udahili kinachotaja vyuo, kozi zilizoruhusiwa, sifa za kuingia na nafasi zilizopo. Kipo katika tovuti ya tcu.go.tz na unaweza kukipakua kwa simu. Faili lake ni kubwa kidogo, basi lipakue mahali penye mtandao mzuri. Fungua ukurasa wa chuo unachokitaka, utafute jina la kozi yako. Usipoliona, usilipe hata shilingi ya fomu mpaka upate maelezo kutoka TCU wenyewe.

Sisi tunaona hili ndilo la kwanza kabla ya kuuliza chuo kina jina gani. Majengo mazuri na picha za mahafali kila chuo kinazo.

Nini kinasomeshwa

ZU inajulikana zaidi kwa sheria na kwa utawala wa biashara. Kozi yake ya sheria ina sura ya pekee: mwanafunzi husoma sheria pamoja na sharia ya Kiislamu. Kwa Zanzibar jambo hilo lina maana kubwa, kwa sababu tuna Mahakama za Kadhi zinazoshughulikia ndoa, talaka, matunzo na mirathi ya Waislamu, na kesi hizo ni nyingi vijijini kuliko watu wanavyodhani. Anayezijua sheria za nchi na akajua pia masuala ya mirathi ana kazi ya kufanya Makunduchi kama aliyonayo mjini. Ila mzazi aelewe kwamba shahada ya sheria peke yake haimfanyi mtu kuwa wakili. Anayetaka kuwa wakili Tanzania Bara hupitia kwanza Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo iliyopo Dar es Salaam, na hiyo ina ada yake na muda wake.

SUMAIT mizizi yake ni ualimu. Anayetaka kusomesha sayansi, lugha au masomo mengine ya sekondari akiangalie chuo hicho pamoja na SUZA, alinganishe. Kutoka Jambiani, Chukwani si njiani kama Tunguu, utabadilisha gari.

Vyuo hivi viwili vya binafsi vimeanzishwa na taasisi za Kiislamu, na mwanafunzi atakuta mazingira hayo, yakiwemo masharti ya mavazi ya stara. Kwa familia nyingi za kusini hilo si geni wala si kikwazo. Hata hivyo, kanuni za chuo zisomwe kabla ya kusaini.

Lipo pia jina ambalo siku hizi linatajwa sana vijiweni: IIT Madras. Hiki ni chuo cha teknolojia cha India, kilichofungua tawi Bweleo mwaka 2023, tawi la kwanza la vyuo vya IIT kuwa nje ya India. Watu hukiita cha binafsi kwa sababu ya ada yake, lakini kimekuja kwa makubaliano ya Serikali ya India na ya Zanzibar. Kilianza na masomo ya sayansi ya data na akili mnemba, na kuingia kwake kuna mtihani wa mchujo na usaili wake. Kijana mwenye hesabu nzuri asiogope kujaribu, ila familia iulize mapema habari za ufadhili. Dar es Salaam nako kuna Chuo Kikuu cha Aga Khan, chuo binafsi kilichopata hati yake Pakistan mwaka 1983 na chenye sifa kubwa katika uuguzi na mafunzo ya walimu.

Alama ngapi zinatosha?

Kiwango cha chini ni kimoja kwa vyuo vya umma na vya binafsi. Wapo wanaodhani chuo binafsi hupokea mtu yeyote mwenye fedha. Si kweli, na anayekuahidi hivyo anataka fedha zako.

Kwa aliyemaliza Kidato cha Sita kuanzia mwaka 2016, anatakiwa awe na ufaulu wa masomo mawili makuu yanayohusiana na kozi, na jumla ya alama zake isipungue 4. Hesabu yake ni hivi: A ni alama 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, na E ni 1. Mwenye D mbili ana 4, amefika. Mwenye C na E pia ana 4, amefika. Mwenye D na E ana 3, hajafika, hata kama cheti chake kinaonesha amefaulu. S haihesabiki kuwa ufaulu wa somo kuu.

Hicho ni kiwango cha chini cha jumla, na kozi nyingine zinataka zaidi. Udaktari wa binadamu, kwa mfano, unataka masomo matatu, Fizikia, Kemia na Baiolojia, kila moja lisipungue D. Aliyesoma stashahada anaweza kuingia pia ikiwa wastani wake unafika 3.0 na cheti chake cha Kidato cha Nne kina ufaulu wa masomo manne. Huyu atahitaji namba ya uhakiki wa cheti kutoka NACTVET, na aiombe mapema, kwa sababu bila namba hiyo maombi yake hayaendi mbele.

Ada ni sehemu tu ya gharama

Hapa ndipo familia nyingi hukwama, na mara nyingi hukwama mwaka wa pili, si wa kwanza. Mwaka wa kwanza ndugu huchangishana, mjomba wa Oman hutuma, mbuzi huuzwa. Mwaka wa pili kila mtu ana shida zake.

Chuo cha umma hulipiwa sehemu kubwa ya gharama zake na Serikali. Chuo binafsi hutegemea ada kwa sehemu kubwa kulipa walimu na kuendesha maabara. Ada zenyewe hubadilika, na kila kozi ina yake, kwa hiyo hatutaji kiasi. Omba karatasi rasmi ya ada ya mwaka huu, ile inayoonesha kila kipengele: ada ya masomo, usajili, mitihani, kitambulisho, bima ya afya, umoja wa wanafunzi, na mchango wa uhakiki wa ubora unaokwenda TCU. Uliza pia kama ada ya mwaka wa kwanza itabaki hivyo hivyo hadi mwaka wa mwisho.

Baada ya hapo piga hesabu ya miaka yote. Tunatoa mfano wa kukokotoa tu, si ada ya chuo chochote. Tuseme ada ni shilingi 1,500,000 kwa mwaka na shahada ni ya miaka mitatu. Hiyo ni 4,500,000. Mwanafunzi anakaa nyumbani Jambiani na anapanda gari kila siku ya masomo. Tuseme nauli ni 2,000 kwenda na 2,000 kurudi. Kwa siku tano ni 20,000 kwa wiki. Kwa wiki 30 za masomo ni 600,000 kwa mwaka, na kwa miaka mitatu ni 1,800,000. Nauli peke yake imezidi ada ya mwaka mzima, na bado hatujataja chakula cha mchana, vitabu, kompyuta, wala wiki za mafunzo kwa vitendo ambazo huenda zikawa mjini au Pemba.

Je, bora dahalia? Inategemea. Anayekaa dahalia au kupanga chumba Tunguu hulipa kodi na chakula, lakini hupata saa za kusoma na hakosi vipindi vya jioni. Anayetoka Jambiani huamka kabla ya alfajiri, na akichelewa kutoka darasani hana hakika ya gari ya kurudi. Kwa watoto wa kike wazazi wengi husema bora arudi nyumbani kila siku. Tunawaelewa, lakini tunawaomba waifikirie pia hiyo safari ya gizani, na kazi za nyumbani zinazomsubiri binti akifika. Kuna wanaokaa Tunguu siku za masomo na kurudi nyumbani mwisho wa wiki, na kwa wengi njia hiyo imekuwa nafuu kuliko mbili nyingine.

Jambo jengine ni wakati wa kulipa. Chuo hutaka fedha mwanzo wa muhula. Fedha za Jambiani haziji kwa mihula. Mama anayelima mwani hufuata bamvua, na mwani huchukua kama wiki sita tangu kufungwa kamba hadi kuvunwa. Anayefanya kazi hotelini hupata zaidi msimu wa wageni, na miezi ya masika hoteli nyingine hufungwa kabisa. Muhula wa pili humkuta mzazi katika miezi hiyo ya ukame wa fedha, na asiyemaliza ada huweza kuzuiwa kufanya mitihani. Kwa hiyo kabla ya kukubali nafasi, nenda ofisi ya fedha ya chuo uulize kama ada hulipwa kwa awamu, ni awamu ngapi, na tarehe gani. Omba jibu la maandishi. Kuuliza hivyo si aibu. Maofisa hao huulizwa kila siku.

Lipa benki au kwa namba ya malipo iliyotolewa na chuo chenyewe, na risiti zitunzwe zote hadi siku ya mahafali. Fedha za ada hapewi mtu mkononi, hata akiwa ni jirani anayefanya kazi chuoni.

Mkopo: ipo bodi ya Zanzibar na ipo ya Muungano

Mwanafunzi wa chuo binafsi anaruhusiwa kuomba mkopo. Mzanzibari ana milango miwili: Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, HESLB, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Kila moja ina masharti na tarehe zake, na tarehe hizo si za udahili. Kupata nafasi chuoni hakukupi mkopo, na anayesubiri apate nafasi kwanza ndipo aombe mkopo mara nyingi hukuta dirisha limefungwa.

Kinachochelewesha watu wa vijijini zaidi ni karatasi. HESLB hutaka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa, na kwa waliozaliwa Zanzibar uhakiki huo hufanywa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ZCSRA. Yatima huambatanisha cheti cha kifo cha mzazi, nacho kihakikiwe. Jina la kwenye cheti cha kuzaliwa lilingane na la vyeti vya skuli. Mtoto aliyeandikwa Mwanaisha nyumbani na Aisha skuli ashughulikie jambo hilo akiwa bado Kidato cha Tano, asingoje mwezi wa maombi. Sheha naye anahitajika kusaini, basi msimwendee siku ya mwisho.

Mkopo unaweza usijaze ada yote. Bodi huangalia hali ya familia na kozi yenyewe, na kinachobaki kinalipwa na nyumbani. Na ni deni: anayeajiriwa baada ya kusoma kwa mkopo wa HESLB hukatwa asilimia 15 ya mshahara hadi deni liishe.

Kuomba kwa simu

Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni kupitia tovuti ya chuo. Kwa kawaida awamu ya kwanza hufunguliwa mwezi wa Julai. Unaweza kuomba zaidi ya chuo kimoja, yaani ukaomba ZU, SUZA na SUMAIT kwa pamoja, kila kimoja kwa fomu yake na ada yake ya maombi.

Ukikubaliwa na zaidi ya kimoja, unatakiwa kuthibitisha kimoja tu kwa kutumia namba ya siri unayotumiwa kwenye simu au barua pepe. Kwa sababu hiyo tunasisitiza: fomu ijazwe kwa namba yako ya simu, au ya mzazi unayekaa naye. Kijana anayekwenda kujaziwa fomu dukani mara nyingi huandikiwa namba ya mwenye duka. Ujumbe ukija unamfikia mwenye duka, naye ana wateja mia. Nafasi isiyothibitishwa kwa wakati hupotea. Neno la siri la akaunti yako pia liandike kwenye daftari lako, usimwachie aliyekusaidia.

Aliyekosa awamu ya kwanza asikate tamaa, kwa kuwa TCU kwa kawaida hufungua awamu nyingine kwa kozi zenye nafasi. Na ambaye alama zake hazikufika 4 anaweza kuanza na stashahada katika chuo kinachotambuliwa na NACTVET, kisha akaomba shahada kwa wastani wa 3.0. Njia hiyo huongeza kama miaka miwili na ada zake, kwa hiyo hesabu tuliyoipiga hapo juu ifanywe upya kwa miaka mitano.